Kioo Chini ya Chipu

Msikilizaji, ndani ya redio unayonisikilizia mna kibao chembamba chenye njia za shaba zilizochapwa juu yake, na vipande vyote vya umeme vimelehemewa hapo. Mafundi wetu hukiita bodi. Katika redio za bei nafuu bodi hiyo huwa ya kahawia, nayo ni karatasi iliyoloweshwa gundi ya fenoli ikagandamizwa kwa moto. Katika kompyuta, simu na televisheni mara nyingi huwa ya kijani, lakini ukijani huo ni rangi ya kupakwa tu. Chini yake mna kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo na kushikanishwa kwa resini ya epoksi. Kwa hiyo kioo kimebeba saketi zetu kwa miongo mingi, ila kimezibeba kikiwa kimevutwa kuwa uzi. Linalojadiliwa sasa katika viwanda vya elektroniki ni kama wakati umefika wa kukiweka kizima, bamba tupu lisilo na kitambaa wala resini ndani yake, liwe ndio msingi wenyewe. Mimi nasema umefika, kwa sharti moja: kioo kizima kipewe nafasi iliyo chini ya chipu, na bodi pana inayobeba vifaa vingine vyote iachwe kama ilivyo. Nitaeleza sababu zangu, na nitaeleza pia kwa nini hofu ya kwanza inayomjia kila mtu, ya kwamba kioo huvunjika, ndiyo hofu ndogo kuliko zote.

Tuanze na bodi tuliyo nayo. Mhandisi Paul Eisler, Mwaustria aliyehamia London mwaka 1936, alitengeneza huko redio ambayo njia zake za umeme zilichapwa badala ya kuunganishwa waya mmoja mmoja. Wazo lake lilikawia kukubalika, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia lilienea kila mahali, na baadaye kitambaa cha nyuzi za kioo kikachukua nafasi ya karatasi katika vifaa vinavyohitaji kudumu. Utengenezaji wake ni rahisi kuueleza. Nyuzi za kioo hufumwa mtande na mshindio kama mkeka, kitambaa huloweshwa epoksi, tabaka hupangwa juu ya tabaka, karatasi ya shaba huwekwa juu na chini, na yote hugandamizwa kwa joto mpaka yawe kitu kimoja. Bodi ya namna hii hutobolewa kwa keekee ya kawaida, hukatwa kwa msumeno, hustahimili kuanguka, na bei yake ni ndogo. Sina nia ya kuidharau, kwa maana karibu kila kifaa cha umeme tulicho nacho kimesimama juu yake.

Ila kitu kimoja kilichotokana na vitu viwili hubeba ugomvi wa viwili hivyo. Epoksi ya kawaida huanza kulegea ikifika digrii 130 au 140 za Selsiasi, ilhali lehemu isiyo na risasi inayotumika viwandani siku hizi huyeyuka kwenye digrii 217 na zaidi. Maana yake ni kwamba kila bodi inapopita katika tanuri la kulehemu hupita ikiwa imelegea, na inapopoa hubaki imepinda, hata kama kupinda huko hakuonekani kwa jicho. Kuna jambo la pili, nalo linatokana na ule mfumo wa kitambaa. Umeme hausafiri kwa kasi ileile juu ya uzi wa kioo na juu ya mwanya uliojaa resini. Njia mbili za shaba zilizo sambamba, zilizokusudiwa kubeba ishara moja kwa jozi, zinaweza kukuta moja imelala juu ya uzi na nyingine juu ya mwanya, na ishara zikafika kwa nyakati tofauti. Katika redio tofauti hiyo haina madhara yoyote. Katika mitambo inayorusha makumi ya mabilioni ya biti kwa sekunde, tofauti hiyo inatosha kuharibu ujumbe. Jambo la tatu linatugusa zaidi sisi wa Mombasa, Tanga na Unguja: unyevu hupenya pale uzi unapokutana na resini, na kwa msaada wa umeme uliopo, chumvi za shaba huota taratibu kando ya uzi kutoka tundu moja hadi jingine mpaka zinaunganisha njia ambazo hazikupaswa kukutana. Watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani walilieleza tatizo hili tangu miaka ya 1970, na mpaka leo halijaisha. Limepunguzwa tu kwa resini bora na kwa kutenganisha matundu. Kioo kizima hakina uzi, hakina mwanya, wala hakinywi maji.

Hata hivyo, kama hoja ingekuwa hayo matatu peke yake, nisingeshawishika kwamba inafaa kubadili viwanda. Hoja iliyonishawishi ni ya kutanuka. Chipu hutengenezwa kwa silikoni, na silikoni hutanuka takriban sehemu 3 kwa kila sehemu milioni ya urefu wake, kila joto linapopanda digrii moja. Bodi ya nyuzi na epoksi hutanuka sehemu 14 hadi 17, na imekusudiwa iwe hivyo ili ilingane na shaba, ambayo hutanuka sehemu 17. Zamani tofauti hiyo haikuwa na uzito, kwa sababu chipu ilikuwa ndogo na miguu yake ya waya ilikuwa mirefu, ikinyumbuka. Siku hizi mashine za kuchapa chipu haziwezi kuchapa kipande kimoja kikubwa kuliko milimita 26 kwa 33, na mitambo inayoendesha programu za akili bandia inahitaji zaidi ya hapo. Basi watengenezaji hupanga vipande vingi bega kwa bega juu ya msingi mmoja, upana wa jumla ukafika milimita 50 na kuzidi. Piga hesabu. Chukua milimita 50, joto lipande digrii 100, tofauti ya kutanuka iwe sehemu 13 kwa milioni: msingi utazidi silikoni kwa mikroni 65. Vitone vya lehemu vinavyoishikilia chipu vinaachana kwa umbali wa mikroni 100 au pungufu, na kila mwaka vinasogezwa karibu zaidi. Kitone kilichovutwa hivyo kila mashine inapowashwa na kuzimwa mwishowe hupata ufa. Sasa weka chini yake kioo cha borosiliketi, kile ambacho Mjerumani Otto Schott alikibuni katika miaka ya 1880 na ambacho Wamarekani walikuja kukiuza mwaka 1915 kwa jina la Pyrex. Hicho hutanuka sehemu 3.3. Tofauti ya mikroni 65 inashuka mpaka chini ya mikroni 3.

Yupo atakayesema kwamba tatizo halijaondoka, limehamishwa tu: kama kioo kinalingana na silikoni kwa juu, basi hakilingani na bodi ya kijani kwa chini. Ni pingamizi la haki, na wahandisi wanalijua. Jibu lake lina sehemu mbili. Vitone vya lehemu vya upande wa chini ni vikubwa mara kadhaa kuliko vya juu na vimeachana zaidi, kwa hiyo huvumilia kuvutwa. Halafu kioo hakina kipimo kimoja cha kutanuka kilichowekwa na maumbile. Mpishi wa kioo akibadili uwiano wa silika, boroni na alumini, anaweza kukipeleka kutoka sehemu 3 hadi karibu 9 kwa milioni, akachagua mahali katikati ambapo juu na chini vyote vinapona. Hakuna anayeweza kuichezea epoksi kwa upana huo bila kupoteza kitu kingine.

Pamoja na kutanuka kuna unyoofu. Mashine inayochapa njia nyembamba hufanya kazi kwa mwanga, na mwanga unataka uso usioinama, la sivyo picha hufifia pembeni. Bamba la kioo linaloshuka likining'inia kutoka katika tanuri, bila kuguswa na kitu usoni, hutoka laini kiasi kwamba halihitaji kusuguliwa. Juu yake inawezekana kuchapa njia zenye upana wa mikroni mbili tatu. Kwenye bodi ya kawaida upana wa kawaida ni mikroni 75 hadi 100. Kampuni ya Intel ilipotangaza mnamo Septemba 2023 kwamba itatumia msingi wa kioo chini ya chipu zake katika nusu ya pili ya muongo huu, ilidai kwamba idadi ya miunganisho inaweza kuongezeka mara 10 katika eneo lilelile, na kwamba michoro itapotoka kwa asilimia 50 pungufu. Madai ya muuzaji hupokewa kwa tahadhari, lakini fedha zimeshawekwa: kampuni hiyo ilisema imetumia zaidi ya dola bilioni moja kujenga mtambo wa utafiti huko Chandler, Arizona, na mwaka 2024 serikali ya Marekani ikaahidi kampuni nyingine, Absolics, hadi dola milioni 75 kwa kiwanda cha misingi ya kioo katika mji wa Covington, jimbo la Georgia.

Sasa nije kwenye hofu ya kuvunjika. Kioo huvunjika, hilo halina ubishi. Lakini kinachokivunja ni mikwaruzo midogo ya usoni na ukingoni, ambayo hukusanya nguvu yote ya kuvuta mahali pamoja. Mwingereza A. A. Griffith, aliyefanya kazi katika kituo cha serikali cha utafiti wa ndege huko Farnborough, alilithibitisha hilo katika makala yake ya mwaka 1921. Alivuta nyuzi za kioo nyembamba na nyembamba zaidi, akakuta kwamba kadiri uzi unavyopungua unene, nguvu yake kwa kila eneo huongezeka sana, kwa sababu uzi mwembamba mno hauna nafasi ya kubeba ufa mkubwa. Kinachotakiwa, basi, ni kuulinda uso na ukingo. Viwanda vya skrini za televisheni vimekuwa vikiifanya kazi hiyo kila siku kwa miaka. Mabamba makubwa kuliko yote yanayotumika humo yana milimita 2,940 kwa 3,370, na unene wake ni nusu milimita tu. Yanaoshwa, yanapakwa, yanachapwa mamilioni ya transista, yanapashwa moto na kukatwa, nayo hufika mwisho wa safari yakiwa mazima. Msingi wa chipu ni kipande cha sentimita chache, kilichofunikwa juu na chini, kisichoguswa na mkono wa mtu. Anayepinga kioo kwa sababu ya kuvunjika anapinga jambo ambalo tayari limefanyika kwa kiwango kikubwa kuliko hiki.

Ugumu wa kweli uko kwingine, na hapa ningependa tukae kidogo. Msingi wa saketi lazima utobolewe maelfu ya matundu ili umeme upite kutoka juu hadi chini. Keekee kwenye kioo huacha nyufa kandokando ya tundu, yaani huacha vidonda vilevile alivyovionyesha Griffith. Njia iliyopatikana, ambayo kampuni ya LPKF ya Ujerumani imeiendeleza, ni kupiga kioo mapigo ya leza ambayo hayatoboi bali hubadili hali ya kioo katika mstari mwembamba. Kisha bamba huzamishwa katika kemikali inayokula pale palipoguswa na leza kwa kasi kuliko pengine. Tundu hutoka safi bila ufa. Gharama yake ni kwamba kemikali inayokula kioo mara nyingi ni asidi ya haidrofloriki, nayo ni hatari kubwa kwa ngozi, mifupa na moyo wa mfanyakazi. Sioni sababu ya kulificha hilo. Nchi itakayokaribisha kiwanda cha aina hii bila sheria kali za usalama itakuwa imewauza watu wake.

Tundu likishapatikana lazima lijazwe shaba, na shaba haipendi kushika kioo. Kwenye bodi ya kawaida karatasi ya shaba huwa na upande wa kukwaruza unaouma ndani ya resini. Kwenye kioo hakuna cha kuuma. Kwa hiyo hupakwa kwanza utando mwembamba mno wa titani, ambayo hushikana na oksijeni iliyo ndani ya kioo, kisha shaba hujengwa juu yake. Hata hapo shaba iliyo ndani ya tundu hutanuka kuliko kioo kinachoizunguka, na ikipashwa moto kupita kiasi husukuma kuta za tundu. Kuna pia ugonjwa wa ukingo: tabaka za plastiki zinazowekwa juu na chini ya kioo huvuta zinapopoa, na bamba linapokatwa vipande, mvuto huo unaweza kulipasua kioo katikati ya unene wake kuanzia pembeni. Haya ndiyo yanayowanyima wahandisi usingizi, na ndiyo maana nasema wanaoahidi kwamba kila bodi duniani itakuwa ya kioo wanaharakisha mambo. Ila kila moja kati ya matatizo haya lina sababu inayojulikana na tiba inayopimwa. Tatizo la epoksi kulegea kabla lehemu haijayeyuka ni tabia ya epoksi yenyewe, na nyingi kati ya zile zinazovumilia joto zaidi huishia karibu digrii 170 au 180. Kioo cha borosiliketi hakianzi kulegea mpaka digrii zaidi ya 500.

Wapo wanaosema kioo hakipitishi joto, na kwamba chipu itaungua juu yake. Kioo hupitisha joto vibaya, ni kweli, lakini epoksi yenye nyuzi hupitisha vibaya zaidi, takriban theluthi moja ya kioo. Joto la chipu kubwa huondolewa kwa juu, kupitia kipozajoto, wala halitegemei msingi wa chini. Pale ambapo joto lazima lipite chini, kama katika taa kubwa za LED na vifaa vya kugeuza umeme mkubwa, kioo hakifai kabisa. Hapo alumini na kauri zinabaki na kazi yao.

Na kwa nini basi tusitumie kauri hiyo, au silikoni yenyewe, chini ya chipu? Zote mbili zimejaribiwa kwa dhati. IBM ilitumia misingi ya kauri katika kompyuta zake kubwa za 3081 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ilifanya kazi vizuri. Lakini kauri ya alumina huchelewesha ishara, kwa kuwa uwezo wake wa kuhifadhi chaji ni karibu maradufu ya kioo, na husinyaa inapochomwa, jambo linaloharibu vipimo vya njia nyembamba. Silikoni inatumika leo, na kampuni ya TSMC ya Taiwan imejijengea biashara kubwa juu yake. Ila silikoni si kizio kamili, humeza sehemu ya ishara, na hutoka katika visahani vya mviringo vya milimita 300, hivyo msingi mkubwa wa mraba hupoteza eneo kubwa pembeni. Kioo hutoka katika mabamba ya pembe nne ya milimita 510 kwa 515, saizi ileile ambayo mashine nyingi za misingi ya plastiki zimeshazoea.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, nalo linatoka kwa mafundi. Kariakoo jijini Dar es Salaam na barabara ya Luthuli jijini Nairobi, simu na kompyuta hupata maisha ya pili kwa sababu bodi ya kijani inaweza kupulizwa hewa moto mahali pamoja, kipande kikang'olewa na kingine kikawekwa. Kioo kinachopashwa moto ghafla mahali pamoja huku pembeni ni baridi kinaweza kupasuka. Kama bodi nzima ya simu ingekuwa kioo, tungepoteza uwezo wa kutengeneza, na mwenye kipato kidogo ndiye angeumia. Hii ndiyo sababu kubwa ya lile sharti langu. Ndani ya chipu iliyofungwa hakuna fundi anayefungua hata leo. Akiikuta imekufa, huing'oa nzima na kuweka nyingine. Kioo kikikaa hapo ndani, fundi hapotezi kazi wala mteja hapotezi simu. Kikitoka hapo na kuenea bodi nzima, mizani inageuka, na mimi ningekuwa upande wa wanaokipinga.

Nimesikia pia swali kama kioo hiki kinaweza kutengenezwa kwa malighafi ya kwetu, kwa kuwa Ziwa Magadi nchini Kenya limekuwa likitoa magadi ya viwandani kwa zaidi ya karne, na magadi ni kiungo kikuu cha kioo cha madirisha na chupa. Jibu halifurahishi. Sodiamu iliyo ndani ya magadi ndiyo hasa isiyotakiwa hapa, kwa sababu ikipata joto na umeme hutembea ndani ya kioo na kuharibu transista. Kioo cha skrini na cha misingi ya chipu hupikwa bila sodiamu au kwa kiasi kidogo kilichodhibitiwa. Mchanga safi wa silika ni jambo jingine, na yeyote anayepima madini yetu afanye hivyo akijua kwamba kinacholipiwa katika kazi hii ni usafi, wala si wingi.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kwa chipu kubwa zilizopangwa pamoja, zinazochapwa njia za mikroni chache na kurusha ishara za kasi, kioo kizima ni msingi bora kuliko resini, kuliko kauri na kuliko silikoni, na fedha za utafiti zinazoelekezwa kwenye matundu, shaba na ukingo wake zimeelekezwa mahali sahihi. Kwa redio, kwa chaja, kwa bodi ya simu na ya jokofu, kitambaa cha nyuzi na epoksi kibaki. Walimu wa vyuo vyetu vya ufundi nawaomba wawafundishe wanafunzi jedwali la kutanuka kwa silikoni, shaba, epoksi na kioo, sambamba na kanuni ya Ohm, kwa sababu saketi nyingi hufa kwa kuvutana kwa vitu hivi, wala si kwa makosa ya hesabu za umeme peke yake. Na wewe fundi, siku utakayoambiwa kwamba chipu iliyo mbele yako ina kioo ndani, ipashe moto bodi yote kutoka chini kwanza, upandishe joto taratibu, na ukimaliza usiipulizie hewa baridi.